Mfupa Umeunga, Mbona Mtu Hajapona?

Tarehe 4 Aprili 2024, kwenye mteremko mmoja wa mashindano ya Nchi ya Basque, kaskazini mwa Hispania, kundi la waendesha baiskeli lilishindwa kukata kona na kumwagika nje ya barabara. Jonas Vingegaard wa Denmark alivunjika mtulinga, ule mfupa wa kati ya kifua na bega, na mbavu kadhaa, pafu likachubuka na hewa ikavujia ndani ya kifua. Alilazwa siku 12. Remco Evenepoel wa Ubelgiji, aliyeanguka papo hapo, alivunjika mtulinga na mfupa wa bega. Julai ya mwaka huohuo Vingegaard akamaliza wa pili kwenye Tour de France, Evenepoel wa tatu, na kabla wiki mbili hazijapita tangu Tour imalizike Evenepoel alikuwa ameshabeba dhahabu mbili za Olimpiki jijini Paris.

Sasa mtazame Chris Froome, Mwingereza aliyezaliwa Nairobi na bingwa wa Tour mara nne. Tarehe 12 Juni 2019 alikuwa akikagua njia ya mbio mjini Roanne, Ufaransa. Akaachia mkono mmoja apenge kamasi, upepo ukalipiga gurudumu la mbele, akajibamiza ukutani. Alivunjika fupa la paja, nyonga, kiwiko na mbavu. Miezi minane baadaye alikuwa amerudi mashindanoni, na kwa mtu aliyeumia vile hiyo ni kasi ya kushangaza. Lakini yule Froome wa kushinda Tour hakuonekana tena.

Habari za namna ya kwanza zikimfikia mtu aliyelala kitandani na mguu umefungwa, mara nyingi humuumiza kuliko zinavyomfariji. Anaanza hesabu: yule kaanguka Aprili, Julai yuko mlimani, mimi huu mwezi wa tano bado natembelea magongo, nina kasoro gani? Ndugu nao wanauliza hivyohivyo, wengine kwa sauti. Jibu ni kwamba hana kasoro yoyote. Ameumia kitu kingine. Mwili ulioanguka haufuati saa moja ya kupona. Mfupa una saa yake, ubongo una yake, neva, yaani mshipa wa fahamu, ina yake iliyo ya polepole kuliko zote, na woga nao una yake. Anayepewa tarehe moja, zile “wiki sita” maarufu, amepewa tarehe ya kiungo kimoja tu kati ya hivyo.

Tuanze na kishindo chenyewe, maana watu hukipima vibaya. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya kugonga haiongezeki maradufu, inaongezeka mara nne. Kuanguka kwa kilomita 40 kwa saa si kubaya mara mbili kuliko kuanguka kwa 20. Ndiyo maana mteremko unaua na kuvunja kuliko tambarare, na ndiyo maana fupa la paja, ambalo ni mfupa mnene kuliko yote mwilini, kwa mtu mzima mwenye afya kwa kawaida halivunjiki kwa kuteleza tu. Ukisikia limevunjika, jua kishindo kilikuwa kikubwa na kuna uwezekano vitu vingine ndani vimeguswa. Egan Bernal wa Kolombia, bingwa wa Tour wa mwaka 2019, aligonga basi lililosimama akiwa mazoezini Januari 2022, kwa mwendo wa kilomita zipatazo 60 kwa saa. Alivunjika paja, pia ya goti, pingili za mgongo na mbavu nyingi, na mapafu yakatoboka. Orodha kama ile haitokani na bahati mbaya ishirini tofauti. Ni kishindo kimoja kilichopita mwilini kikitafuta pa kutokea.

Aliyeanguka peke yake, bila gari, huwa na alama zake. Gurudumu la mbele linakwama, baiskeli inasimama, mwili hausimami. Hapo kuna mambo mawili, na yote yanatokea kabla mtu hajafikiri. Akiachia usukani na kunyoosha mkono, uzito wote unapita kwenye kiganja, kifundo, kiwiko, mpaka begani, na kiungo dhaifu kuliko vingine katika msafara huo ndicho kinachovunjika. Akiung'ang'ania usukani, anatua kwa bega. Mtulinga ni mfupa mwembamba uliojipinda, nao ndio pekee unaoufunga mkono na kifua kwa njia ya mfupa. Bega likisukumwa ndani, unavunjika, na takriban mara nne kati ya tano unavunjika sehemu ya katikati, pale ulipo mwembamba zaidi na ulipokosa misuli ya kuukinga. Waendesha baiskeli wazoefu huujua mvunjiko huo kwa kuugusa: kinundu chini ya ngozi, na mkono ambao mwenyewe ameukumbatia kwa mkono wa pili bila kuambiwa.

Yasiyotoa damu

Mtulinga uliovunjika unaonekana na unauma, na kwa kiasi fulani hiyo ni nafuu. Ajali za baiskeli zina majeraha mengine yasiyojitangaza.

La kwanza ni tumbo. Ncha ya usukani ikimchoma mtu tumboni wakati anaanguka, hasa mtoto, inaweza kuacha alama ndogo ya mviringo, pengine wekundu tu, huku ndani bandama, ini, kongosho au utumbo umechanika. Mtoto anainuka, analia kidogo, anarudi nyumbani kwa miguu yake. Saa kadhaa baadaye, wakati mwingine siku kadhaa, anaanza kutapika, tumbo linakuwa gumu, anapauka. Kuna dalili moja inayowapoteza watu: damu ya bandama iliyopasuka ikigusa kiwambo cha chini ya mapafu, maumivu husikika kwenye ncha ya bega la kushoto, mahali ambapo hapakuguswa kabisa. Mtoto aliyechomwa tumboni na usukani apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata kama anacheka.

La pili ni paja. Fupa la paja likivunjika, zaidi ya lita moja ya damu inaweza kumwagika ndani ya nyama za paja bila tone moja kuonekana nje. Watazamaji wanaona mguu uliovimba. Mwili unaona damu iliyopotea. Nyonga ni mbaya zaidi, kwa kuwa nafasi ya damu kujificha ni kubwa zaidi.

La tatu halitokei barabarani kabisa, linatokea baadaye, mguu ukiwa tayari umefungwa plasta. Misuli ya mguu chini ya goti imefungiwa ndani ya mifuko migumu isiyotanuka. Uvimbe ukizidi, mfuko unajikaba na damu haipiti. Maumivu yanakuwa makali kuliko jeraha lenyewe linavyostahili, dawa hazisaidii, na kuvuta vidole vya mguu kidogo tu kunamfanya mgonjwa apige kelele. Hii ni dharura ya saa, si ya siku. Misuli iliyokosa damu kwa takriban saa sita huanza kufa. Mgonjwa anayelalamika namna hiyo usiku wodini asiambiwe avumilie mpaka daktari wa asubuhi.

Na kwa wanaofika kwanza kwenye tukio: mara nyingi majeruhi hudhuriwa na huruma. Kila mtu anataka kumwinua, kumkalisha, kumvua helmeti, kumpa maji. Anayepumua vizuri hana haja ya kuinuliwa. Asimamishiwe magari mahali alipo, kichwa chake kishikwe kisigeuke, afunikwe, asubiri. Tofauti ni moja: asiyepumua vizuri, au aliyepoteza fahamu na anasongwa na damu au matapishi, njia ya hewa inatangulia mgongo. Huyo ageuzwe ubavu kwa uangalifu, kichwa, shingo na mwili vikienda pamoja. Maji asipewe, anaweza kuhitaji upasuaji, na tumbo lenye kitu ni hatari akipewa dawa ya usingizi.

Mfupa hauna haraka

Mfupa ukivunjika, damu inaganda kwenye ufa na kuwa donge. Donge hilo ndilo mwanzo wa tiba, wala si uchafu. Katika wiki mbili tatu za mwanzo linageuka kuwa nyama laini inayozishika ncha mbili. Baadaye, kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili hivi kwa mifupa mingi ya mtu mzima, nyama hiyo inajaa chokaa na kuwa mfupa wa kienyeji, mnene na usio na umbo zuri. Kisha inakuja kazi ya kuuchonga upya kufuata mizigo unaobebeshwa, na hiyo inachukua miezi mingi, hata miaka. Kwa hiyo mfupa wa wiki ya sita ni kama ukuta wa udongo ambao haujakauka: umesimama, lakini usiuegemee.

Hapa ndipo tofauti ya Vingegaard na Froome inapoanza kueleweka. Mtulinga haubebi uzito mtu anapokanyaga pedali. Ukiwekewa chuma na skrubu, mtu anaweza kukaa juu ya baiskeli ya mazoezi baada ya siku chache tu, mapafu yakiruhusu, na miguu yake isipoteze mengi. Fupa la paja ni habari nyingine. Lenyewe ndilo wenzo wa kukanyagia. Madaktari huingiza nondo ndefu ndani ya uwazi wa mfupa kutoka juu hadi chini au chini hadi juu, na mgonjwa huanza kusimama mapema kuliko zamani, lakini kuunga kwenyewe huchukua miezi mitatu hadi sita, na misuli mikubwa ya paja na nyonga iliyochanika au kukatwa ili kuufikia mfupa hubaki na deni. Froome mwenyewe alikuja kueleza kwamba mguu wake wa kulia ulikuwa na upungufu wa nguvu ukilinganishwa na wa kushoto. Kwa mtu anayekwenda sokoni, upungufu huo usingeonekana. Kwa mtu anayetafuta sekunde mlimani, umemaliza kazi.

Je, kila mfupa uliovunjika upasuliwe? Hapana, na ni vizuri kuuliza kabla ya kusaini. Mitulinga mingi huunga yenyewe kwa kuning'iniza mkono, ikabaki na kinundu kisichodhuru. Upasuaji una nafasi yake pale ncha zimeachana mno, zimepishana, zimetoboa au zinakaribia kutoboa ngozi, au mfupa umesagika vipande. Mwanamichezo anapasuliwa haraka pia kwa sababu kalenda ya mashindano inamdai. Sababu hiyo huna lazima ya kuiazima kama hushindani na mtu.

Kuna kifupa kimoja kidogo kinachostahili kutajwa peke yake, kwa kuwa kinakosewa mara nyingi mno: skafoidi, ndani ya kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Nyoosha dole gumba lako juu kabisa. Kwenye mzizi wake, kati ya kano mbili, kuna kishimo. Aliyeangukia kiganja na akibonyezwa hapo anaruka, achukuliwe kuwa kimevunjika hata kama picha ya eksirei ya siku ya kwanza haionyeshi kitu. Ufa wake hujificha. Hufungwa, halafu picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Damu inakiingia kupitia upande mmoja, kwa hiyo kikivunjika katikati kipande kimoja kinaweza kukosa chakula na kufa. Kifundo cha mkono kinachouma na kukakamaa miaka mitano baadaye, kwa mtu anayekumbuka kwamba “nilitegukategu tu”, mara nyingine chanzo chake ni hicho.

Sigara huchelewesha mfupa kuunga, na hilo limethibitishwa vya kutosha. Kama kuna wakati mmoja wa kuacha, ni huu.

Kichwa

Mei 2017, kwenye Tour of California, Toms Skujiņš wa Latvia alianguka vibaya kwenye mteremko. Picha za video zinaonyesha akijaribu kusimama, miguu inamkataa, anapepesuka na kuanguka, anainuka tena, anaiburuta baiskeli yake na kuvuka barabara huku wenzake wanashuka kwa kasi pembeni yake. Kisha akapanda na kuendesha. Timu yake ilimsimamisha baadaye. Alikuwa pia amevunjika mtulinga, na sidhani kama alikuwa na habari.

Wapo waliouita ule ujasiri. Ule haukuwa ujasiri, ulikuwa mtikisiko wa ubongo unaendesha baiskeli. Ubongo uliotikiswa unapoteza kwanza ule uwezo wa kujitathmini, kwa hiyo kumuuliza mtu “uko sawa?” ni kumuuliza shahidi asiyekuwepo. Chama cha Kimataifa cha Baiskeli, UCI, kilikuja kuweka utaratibu wa kuwapima washindani waliogonga kichwa kuanzia msimu wa 2021. Kwa wengine wetu kanuni ni fupi: aliyegonga kichwa na akaonyesha kuchanganyikiwa, kizunguzungu, kusahau kilichotokea au kichefuchefu, hapandi tena siku hiyo. Na si lazima awe alizimia. Wengi waliopata mtikisiko hawakupoteza fahamu hata kidogo.

Mtikisiko wenyewe kwa kawaida hauonekani kwenye picha za skani. Skani ya CT hutafuta kitu kingine: damu inayovuja ndani ya fuvu. Mtu anaweza kugonga kichwa, akazinduka, akaongea vizuri kabisa kwa saa kadhaa, halafu akaanza kuporomoka damu inapoubana ubongo. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika tena na tena, usingizi usio wa kawaida, mboni moja kubwa kuliko nyingine, mtukutiko, udhaifu wa upande mmoja, maneno yanayopindana: yoyote kati ya hayo ni safari ya hospitali wakati huohuo.

Zamani mgonjwa wa mtikisiko alifungiwa chumba chenye giza wiki nzima au zaidi. Ushauri huo umebadilika. Mwafaka wa kimataifa uliofikiwa mkutanoni Amsterdam mwaka 2022 unasema apumzike kwa kiasi saa 24 hadi 48, simu na runinga zikipunguzwa, kisha aanze kutembea na mazoezi mepesi yasiyozidisha dalili zaidi ya kidogo. Anaongeza hatua kwa hatua, na masomo au kazi vinatangulia mashindano. Watu wazima wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache. Wachache hubaki na miezi ya kichwa kuuma, mwanga kuwachoma macho, hasira za ghafla na kusahau maneno. Hawa ndio wanaoteseka zaidi kijamii. Aliyefungwa plasta watu wanampisha kiti. Asiye na kovu lolote anaambiwa anajidekeza.

Kuhusu helmeti, ubishi umedumu kupita manufaa yake. Haiondoi mtikisiko wote, lakini inapunguza kwa kiasi kikubwa majeraha mabaya ya kichwa. Wapanda baiskeli wa kulipwa wenyewe waliipinga kwa miaka. Kifo cha Andrei Kivilev wa Kazakhstan, aliyeanguka bila helmeti kwenye mbio za Paris–Nice Machi 2003, ndicho kilichoisukuma UCI kuifanya lazima mwaka huohuo. Ndani yake kuna povu gumu linalojisaga ili fuvu lisisagike, na likishajisaga halirudi. Helmeti iliyogonga lami imeshatumika, hata kama nje inang'aa.

Mgongo, na tofauti ambayo ni lazima ijulikane

“Kavunjika mgongo” ni maneno yanayofanya familia nzima ianze kulia, na mara nyingi yametamkwa ovyo. Kuna pingili, ambazo ni mifupa, na kuna uti wenyewe wa fahamu unaopita ndani yake. Agosti 2016, kwenye mbio za Olimpiki za Rio, Annemiek van Vleuten wa Uholanzi alikuwa anaongoza alipoanguka kwenye mteremko na kulala bila kusogea. Dunia nzima ilidhani amekufa. Alikuwa na mtikisiko mkubwa na nyufa kwenye pingili tatu za kiunoni. Uti ulikuwa salama. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa mbio dhidi ya saa, na Tokyo mwaka 2021 akachukua dhahabu ya Olimpiki ya mbio hizohizo.

Juni 2018 Kristina Vogel wa Ujerumani, bingwa wa Olimpiki mara mbili, aligongana na mwendesha baiskeli mwingine akiwa mazoezini kwenye uwanja wa Cottbus. Uti wake ulikatika sehemu ya kifuani, na tangu hapo anatumia kiti cha magurudumu. Kwa hapo hakuna swali la juhudi. Uti uliokatika hauungi kwa tiba tuliyonayo, na kumwambia mtu kama yeye “usikate tamaa, utatembea” ni kumtwika deni la kitu asichoweza kulipa. Kupona kwake ni kujifunza kukaa bila kuanguka, kulinda ngozi isichimbike vidonda, kusimamia kibofu, kujihamisha kitandani hadi kitini. Ni kazi ngumu kuliko mazoezi ya mashindano, na haina medali.

Neva za mikono na miguu, tofauti na uti, zinaweza kukua tena, kwa kasi ya takriban milimita moja kwa siku. Pima mwenyewe. Neva iliyoumia begani ina safari ya zaidi ya nusu mita kufika vidoleni. Hiyo ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu ya kungoja, na misuli iliyokaa muda mrefu bila neva inaweza kuwa imeshakufa. Ndiyo maana mkono uliolegea kabisa baada ya kuanguka kwa bega unatakiwa kuonwa mapema na mtaalamu wa neva. Kusubiri “uamke wenyewe” kunaweza kuumaliza.

Ngozi na goti

Mchubuko mpana wa lami hudharauliwa kwa kuwa hauui. Usafishwe siku ya kwanza, na usafishwe kweli: maji mengi yanayotiririka, sabuni laini pembeni, na vichanga vilivyong'ang'ania vitolewe kwa shashi iliyolowa, mtu akiwa amepewa dawa ya maumivu kwanza. Changarawe iliyoachwa ndani hubaki kama doa la bluu chini ya ngozi maisha yote. Kisha jeraha lisiachwe likauke na kufanya kigaga kigumu, kama wengi tulivyolelewa kuamini. Likifunikwa na kubaki na unyevu hupona haraka na kovu huwa dogo. Chanjo ya pepopunda iulizwe; kwa jeraha chafu, kama imepita zaidi ya miaka mitano tangu dozi ya mwisho, hurudiwa.

Goti lina somo refu zaidi. Aliyekaa wiki kadhaa bila kulikunja hukuta paja limenywea na goti limekakamaa. Sasa, ili pedali izunguke duara zima, goti linahitaji kukunjika nyuzi zipatazo 110. Mgonjwa anayeweza 90 hawezi kuzungusha. Kwa hiyo siku zake za kwanza kwenye baiskeli ya mazoezi hazifanani na kuendesha kitu chochote. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anakipandisha kiti juu kuliko kawaida, anaondoa uzito wote, na mgonjwa anakanyaga nusu mbele, nusu nyuma, mbele, nyuma, akiisogeza pedali mpaka pale goti linapokataa, anakaa hapo kidogo, anarudi. Siku moja pedali inavuka kilele. Mara nyingi inavuka ikizungushwa kinyumenyume kwanza, kwa kuwa upande huo ni mwepesi. Kuanzia hapo kiti kinashushwa kidogokidogo, kwa sentimita.

Baiskeli, kwa kinaya, ni dawa nzuri ya mguu ulioumizwa na baiskeli. Haigongi viungo kama kukimbia, na uzito wa mwili unabebwa na kiti.

Upande wa pili wa kulala muda mrefu ni damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, hasa baada ya kuvunjika nyonga au paja. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye kigimbi, au pumzi ikakata ghafla na kifua kuchoma, si uchovu wa kitanda. Waliovunjika mbavu nao wana mtego wao: kupumua kunauma, kwa hiyo wanapumua juujuu, makohozi yanatuama, nimonia inaingia. Dawa za maumivu hapo si anasa. Zinampa mtu uwezo wa kuvuta pumzi ndefu na kukohoa.

Woga

Fabio Jakobsen wa Uholanzi alirushwa kwenye vizuizi Agosti 2020 karibu na mstari wa kumalizia mjini Katowice, Poland, kwa mwendo wa takriban kilomita 80 kwa saa. Alitiwa usingizi wa dawa, uso ukashonwa nyuzi 130, na meno mengi yakang'oka. Mwaka mmoja baadaye alishinda hatua tatu za Vuelta, mbio kubwa za Hispania. Ni kisa cha kweli na kinapendeza, ila kinawafanya watu waamini kwamba uso ukishonwa na meno yakiwekwa, kilichobaki ni ushujaa.

Wengi hawarudi hivyo. Wanasikia lori nyuma yao na mikono inakufa ganzi kwenye breki. Wanaota ajali. Wanapita njia ndefu kukwepa ile kona. Wengine hawakumbuki ajali kabisa lakini mwili unaikumbuka. Katika mwezi wa kwanza mambo haya ni ya kawaida na mara nyingi hupungua yenyewe. Yakivuka mwezi na yakashika usingizi, kazi au ndoa, yana jina na yana tiba. Tiba ya mazungumzo inayomrudisha mtu kwenye kumbukumbu hatua kwa hatua, akiwa na mtaalamu, ina ushahidi mzuri kuliko kujikaza. Pombe haina.

Kurudi barabarani kunafuata mantiki hiyohiyo: kwanza mahali pasipo magari, na mtu mwingine, muda mfupi, mteremko mdogo, kurudia mpaka moyo uchoke kudunda, ndipo hatua nyingine. Anayelazimishwa na marafiki kurudi kwenye kona ileile siku ya kwanza anaweza kutoka na woga mara mbili. Na asiyetaka kupanda tena kamwe, hilo nalo ni uamuzi wa mtu mzima.

Swali la mwisho huja mwaka mmoja au zaidi baadaye, mtu akiwa ameshasahau mengi: vyuma vitolewe? Kwa mtu mzima, visiposumbua vinaweza kubaki. Cha mtulinga husumbua zaidi, kwa kuwa kiko chini tu ya ngozi, mkanda wa begi unakigusa, baridi inakigusa. Kikitolewa, skrubu zinaacha matundu, na mfupa wenye matundu ni dhaifu kwa wiki kadhaa mpaka yazibe. Kwa hiyo daktari akishakitoa atamwambia asiendeshe kwenye njia za mawe kwa muda, na atakuwa na sababu.